Barua ya wazi kwa wakurugenzi: risiti ya msaada tuiandike baada ya mwaka

Waheshimiwa wakurugenzi wa makampuni mnaotoa misaada Uganda, mlioko Kampala na mlioko makao makuu ng'ambo. Nakala kwa wakubwa wa Wizara ya Fedha, Wizara ya Afya na Mamlaka ya Mapato.

Salamu kutoka Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyonilisha. Nilikuwa wakala wa forodha hapa mpakani kwa miaka mingi, na mwenye malori wa Mombasa, dereva anayekwenda Bujumbura, taniboi aliyepoteza makaratasi ya mzigo wa Goma, wote tulielewana kwa lugha hii hii, pamoja na matusi yake. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, kwa hiyo asitokee karani wa ofisi kule Nakasero akaniambia barua hii haisomeki.

Kazi ya forodha nimeiacha. Himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 2014, makaratasi mengi yakawa yanamalizwa Mombasa kabla lori halijatoka bandarini, na sisi wazee wa Malaba tukabaki na mihuri iliyokauka wino. Siku hizi ni mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha afya, cha daraja la tatu: wodi ya wazazi, chumba cha chanjo, maabara ndogo, na watumishi ambao mshahara ukichelewa hukopa sukari duka lile lile ninalokopa mimi. Nyuma ya wodi ya wazazi kuna stoo. Hiyo stoo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Ukitaka kuingia, unaanza kwa kusukuma kitanda. Vipo vitanda vinne vya hospitali, vya chuma kizuri, na kila kimoja kimekosa ule mkono wa kunyanyulia kichwa cha mgonjwa. Mikono ilibaki huko vilikotoka. Zipo mashine tatu za kupima presha zisizo na mikanda ya kufunga mkononi. Ipo katoni ya glavu kubwa mno, mkunga wetu akizivaa ncha za vidole zinaning'inia kama chuchu za ng'ombe. Zipo kompyuta sita za kichogo. Na katikati, imefunikwa shuka kama maiti, ipo mashine ya kupashia joto watoto wachanga.

Mashine hiyo tuliipokea kwa sherehe. Tenti mbili, viti vya plastiki vya kukodi, spika zilizosikika mpaka upande wa Kenya, mshereheshaji aliyeletwa kutoka Mbale. Mheshimiwa mmoja alikata utepe. Meneja wa kampuni, kijana mpole aliyevaa fulana ya kampuni juu ya shati na tai, alisema wao wanaamini kila mtoto ana haki ya kuishi, na nadhani alilisema kwa moyo. Wali ulitosha, nyama haikutosha. Picha zikapigwa.

Siku ya tisa alizaliwa mtoto kabla ya wakati, mdogo wa kutosha kwenye viganja viwili. Mkunga akasema leo ndiyo leo. Plagi ya mashine ilikuwa na meno mawili bapa na soketi zetu ni za matundu matatu, kwa hiyo akaitwa fundi redio wa sokoni, akaikata ile plagi, akafunga ya kwetu, akalipwa shilingi elfu tano. Mkunga akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka, mashine ikanguruma kidogo, akatabasamu. Kisha ukasikika mlio kama wa kijiti kikivunjwa, na harufu ya plastiki inayoungua ikajaa wodi nzima. Mtoto akafungwa kanga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, madirisha yakafungwa, na bibi akakesha akipokezana na binti yake. Aliishi. Sasa anasoma, na tukikutana njiani hunisalimia kwa heshima kuliko wanangu.

Kesho yake mimi na mlinzi tuliilaza mashine ubavu. Chini yake pana kibati kidogo, ukubwa wa kiberiti: volti 115, hezi 60. Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50. Kibati kilikuwapo siku ya tenti, kilikuwapo siku ya utepe. Hatukuinama.

Nami nina fungu langu katika kosa hili. Nilipokwenda nyumbani kupekua mafaili ya zamani nikakuta nakala yenye saini yangu: mzigo ule niliutoa mimi mwenyewe, mwaka 2012. Ankara, orodha ya mizigo, barua ya msamaha wa kodi, vyote nilivisoma mstari kwa mstari. Umeme sikuuliza, maana forodha haiulizi umeme. Forodha inauliza thamani, inauliza bidhaa imetengenezwa wapi, ina uzito gani na nani atalipa. Kwa kuwa ni msaada, hakulipa mtu. Ukapigwa mhuri, nikachukua ada yangu, lori likapita.

Tena lilipita kwa gharama. Mtoaji alikuwa amelipia bahari, hakulipia nchi kavu. Kontena lilikaa siku kumi na moja likisubiri barua moja kutoka Kampala, na kila siku ya kontena ina bei yake. Bili ikaletwa kituoni. Kamati ya wakati ule ikapita nyumba kwa nyumba kuchangisha, na wapo kina mama waliouza kuku ili zawadi itoke forodhani. Nani aliandika hayo kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni? Jina la kampuni silitaji. Kijana wa fulana alishahama, mimi nilishastaafu, na shida yenyewe haikuwa ya kampuni moja.

Maana kwa nini mtu atume kifaa cha volti 115 mahali pa volti 240? Zamani nilidhani ni dharau. Nilipopata muda wa kusoma nikaona kuwa mara nyingi ni hesabu tu. Kule Marekani, tangu sheria ya kodi ya mwaka 1976, kampuni inayotoa bidhaa zake kwa ajili ya wagonjwa, maskini au watoto inaweza kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi kinachozidi gharama ya bidhaa hiyo, mradi kisivuke mara mbili ya gharama yenyewe. Nia ya sheria si mbaya. Lakini mwenye ghala aliye na bidhaa isiyouzika anajua kupiga hesabu: kuitupa kunamgharimu, kuitoa kunampunguzia kodi na kumpa picha. Sisi ndio tunaobaki kuwa jalala lenye utepe.

Hilo silisemi kwa uchungu wa stoo moja. Shirika la Afya Duniani limeandika katika miongozo yake kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vya msaada vinavyofika vikaanza kufanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali za nchi maskini, ulikuta karibu asilimia 40 vimelala. Kwa upande wa dawa, shirika hilo liliweka kanuni tangu 1996: zinapofika ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja. Nimewahi kufungua katoni za dawa ya macho zilizobakiza wiki saba. Wakaguzi wakazizuia, zikachomwa, na pesa ya kuzichoma haikutoka kwa aliyezituma.

Najua mtaniambia asante ya punda ni mateke. Ngojeni basi niwasifu wanaostahili.

Mke wangu ni Mmasaba wa Manafwa, chini ya Mlima Elgon. Nilipokwenda kumposa, baba yake alinipokea akiwa na gunzi la muhindi mkononi, na mazungumzo yote ya mahari aliyafanya akijikuna nalo mgongoni. Nilidhani ni ujanja wa kunitisha bei ipande. Baadaye nikaona miundi ya miguu yake imebabuka madoa meupe kama ngozi ya chui. Ulikuwa usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Huanza kwa kuwasha, na mtu akikaa nao miaka mingi unaweza kumpofusha. Vijiji vilivyokuwa karibu na mto vilijua habari hiyo kabla daktari hajaipa jina.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani, wakati mkuu wake akiwa Roy Vagelos, ilitangaza kuwa dawa yake ya usubi, Mectizan, itatolewa bure, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wowote utakaohitajika. Walioihitaji hawakuwa na uwezo wa kuinunua, wala serikali zao. Kule Elgon ilianza kugawiwa miaka ya 1990 mara moja kwa mwaka, na kuanzia 2007 mara mbili. Hakuna mizani wala foleni ya hospitali. Mgawaji, mwanakijiji mwenzenu, anakuja na ufito wenye alama, anakusimamisha kando yake, na urefu wako ndio unaosema umeze vidonge vingapi. Serikali nayo ikapiga dawa mitoni. Hapo pana kisa ambacho mke wangu haniamini mpaka leo: mabuu ya inzi wa kule hayang'ang'anii mawe, hupanda migongo ya kaa wa mtoni, kwa hiyo wataalamu walikuwa wakivua kaa, wakiwageuza mmoja mmoja na kuwakagua, ili wajue kazi imefikia wapi.

Kazi iliisha. Maambukizi ya usubi yalikatika Elgon. Duniani Colombia ilitangulia kuthibitishwa kuwa imeutokomeza, mwaka 2013, na Niger ikawa ya kwanza Afrika mwaka 2025. Baba mkwe alikufa mzee sana, akiona vizuri, na gunzi lilikuwa limeshasahauliwa jikoni. Kama Merck ilipata na nafuu ya kodi kwa hayo, iliistahili kila senti.

Merck iliahidi muda. Aliyetuletea mashine aliahidi siku moja, na siku yenyewe aliitimiza vizuri sana.

Tusiende ng'ambo tu. Familia ya Madhvani, ya sukari ya Kakira, iliunda mfuko wake wa hisani mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru. Mwaka 1972 wakafukuzwa pamoja na Waasia wengine, baadaye wakarudi, na mfuko umeendelea kusomesha vijana vyuo vikuu. Ukikaa mahali, msaada wako unakuwa na jirani wa kuusimanga. Kuhusu mbio za fulana, zile za kukimbia ili kuchangisha, sitasema mengi. Mbio za Rotary za kupambana na saratani, zilizoanza 2012, zilichangia kituo cha tiba ya saratani pale hospitali ya Nsambya, Kampala, na jengo mtu anaweza kwenda akaligusa. Nyingine nyingi nazifahamu kwa fulana zake tu. Ndizo tunazovaa tukipalilia mihogo.

Sasa wapo wanaosema dawa ni kulazimisha. India ililazimisha: sheria yake ya makampuni ya mwaka 2013 inayataka makampuni makubwa yatumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa mambo ya jamii, na yapendelee maeneo yanakofanyia kazi. Mauritius ilianza na asilimia 2 mwaka 2009, kisha ikageuza sehemu kubwa ya fungu hilo ipitie kwa wakusanya kodi. Mimi nasitasita. Mpakani nimejifunza kuwa palipo na asilimia, hapakosi mtu mwenye kikokotoo na meza ya pembeni. Afadhali mambo yaitwe kwa majina yake. Sheria yetu ya wanyamapori inataka asilimia 20 ya viingilio vya lango la hifadhi irudi kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi hiyo. Mkulima wa Bwindi ambaye nyani wamemlia viazi haambiwi apige makofi. Ile ni haki, hata kama inachelewa. Kadhalika mafuta ya Hoima na Buliisa: sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2015 imetenga asilimia 6 ya mrabaha kwa serikali za mitaa za kule yatokako. Haki ilipwe kama haki, hisani ibaki hisani.

Na deni lilipwe kama deni. Namjua mwenye lori mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, aliyebeba mabomba ya kisima cha msaada kwa niaba ya kampuni. Kisima kilizinduliwa kwa ngoma, yeye akalipwa mwezi wa tano baada ya hapo, baada ya lori kukamatwa na benki. Watu hunywa maji ya kisima kile na ni matamu. Yeye hapiti njia ile.

Turudi kwenye kodi, maana ndiko mlango ulipo. Sheria yetu ya kodi ya mapato tayari inawapa nafuu: mkitoa kwa taasisi inayotambuliwa kisheria, mnaweza kupunguziwa kwa msaada huo hadi asilimia 5 ya mapato yanayotozwa kodi. Sipendekezi mnyang'anywe. Naomba tu nafuu ya vifaa isafiri kwa dhamana, kama mzigo wa transiti.

Kwa wasiojua kazi yetu: enzi zangu lori la bidhaa lililokwenda Kigali likiingia Malaba halikulipa ushuru wa Uganda. Lakini halikupita hivi hivi. Iliwekwa dhamana ya bima, na dhamana hiyo haikufutwa mpaka lori lionekane likitokea Katuna au Mirama, mpakani mwa Rwanda. Likipotelea Kikuubo, sokoni Kampala, na mzigo ukauzwa, dhamana ililiwa. Mimi niliwahi kuliwa, sababu ya dereva mmoja na sukari yake, na mwaka ule watoto walikwenda shule bila viatu vipya. Tangu hapo sikumwamini mtu kwa maneno. Nilitaka kuona mhuri wa kutokea.

Msaada wa kifaa nao una mpaka wa kutokea, nao uko mbali na tenti. Uko kitandani kwa mgonjwa, uko kwenye ndoo ya mama kisimani, uko kwenye dawati la mtoto, mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo kampuni ikitoa kifaa, ipewe siku ile karatasi ya kuonyesha kimepokelewa, na nafuu ya kodi iandikwe kwa masharti. Ikifika miezi kumi na miwili, karatasi ya pili ijazwe kituoni, ukurasa mmoja tu. Kifaa kinafanya kazi leo? Kimetumika lini mara ya mwisho? Kikiharibika anaitwa nani, na vipuri vyake vinapatikana duka gani? Wapokeaji walilipa shilingi ngapi mfukoni mwao ili kikifikie? Asaini mkuu wa kituo, asaini mwenyekiti wa kamati, na wa tatu awe yule anayekishika kila siku: mkunga, mwalimu, mama wa kamati ya maji. Huyo wa tatu asikosekane, kwa sababu sisi wawili wa kwanza tunakaa meza kuu na tunajua kusema asante hata mahali pasipostahili.

Mhasibu wenu atasema mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na hawezi kuacha hesabu ikielea. Ataiacha. Dhamana za mpakani zinaelea kila siku na biashara haijafa. Atasema pia kwamba wapokeaji ndio wanaoharibu vitu. Hapo ana haki yake. Najua kituo kimoja ambako paneli za sola ziliota miguu zikakutwa juu ya paa la baa. Karatasi ya pili itatufunga na sisi: kikiibwa, iandikwe kimeibwa, kikiwa nyumbani kwa mkubwa fulani, iandikwe kiko nyumbani kwa mkubwa. Kampuni isilipishwe kwa wizi wetu.

Kwa Wizara ya Afya nina ombi dogo kuliko hilo, lakini gumu: tupeni ruhusa ya kukataa. Hivi sasa mwenyekiti wa kamati anayesema mbele ya wakubwa wa wilaya kwamba kifaa hiki hakitufai anaonekana mpinzani, na kesho atasikia ameitwa. Ikitoka barua moja ya wizara inayosema kituo kinaweza kukataa msaada usiolingana na umeme wake, wataalamu wake au dawa zake, mzigo mwingi utageuzwa kabla haujafika Malaba. Karakana ya mkoa ya vifaa vya hospitali, ya Mbale, ina mafundi wanaoweza kusoma kibati kwa dakika mbili. Wapelekewe picha ya kibati kabla kifaa hakijapakiwa melini. Picha moja ya simu.

Na nyinyi wakurugenzi, mkiuliza basi tutoe nini, naomba msinijibu kwa kuniletea orodha ya bidhaa zenu. Barabarani hapa yupo mwenye kituo kidogo cha mafuta, pampu mbili tu. Kila mwisho wa mwezi humtuma kijana na jerikeni ya lita 20 za dizeli kwa ajili ya jenereta ya wodi ya wazazi. Mwaka wa sita huu. Hajawahi kuleta kamera, na mwezi mmoja dizeli ilipopanda bei alileta lita 15 akaomba radhi. Nilimuuliza kwa nini dizeli, kwa nini asijenge kitu akaandikwa jina. Akaniambia mtoto wake wa kwanza alizaliwa hapa kwa mwanga wa simu, na betri ilikuwa imebaki alama moja, ile nyekundu. Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yeye hasemi, analeta jerikeni.

Kampuni kubwa zina uwezo wa dizeli ya aina hiyo kwa vituo mia. Lipeni nauli za fundi wa vifaa anayezunguka na pikipiki yake kutoka kituo hadi kituo. Nunueni mikanda ya mashine za presha ambazo tayari tunazo. Kipande cha bomba cha kisima mlichochimba mwaka juzi, kilichoshika kutu, mkibadilishe. Hakuna utepe wa kukata kwenye kipande cha bomba, najua, na mtu wenu wa matangazo atanuna. Mnunulieni soda.

Sitaki muamini maneno ya mzee wa mpakani. Njooni. Teksi kutoka Tororo inawashusha karibu, boda boda yoyote inakijua kituo. Funguo za stoo ziko kwa mkunga wa zamu, nimemwambia awafungulie hata nisipokuwapo. Vitanda tutavisukuma pamoja.

Mkija, jambo moja. Jokofu letu la chanjo linapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ule mpira wa mlangoni umepasuka upande wa chini. Tumeufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na nesi anaangalia kipimajoto kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Nimepima: mlango una sentimita 61 kwa 74. Mtakaokuja kwanza, leteni huo mpira. Risiti nitawaandikia mwakani mwezi kama huu.

Wenu,
Wakala wa forodha mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya kituo cha afya, Malaba